Haki ya Mnyama Katika Nyumba ya Maskini

Je, huruma kwa wanyama ni wajibu wa kila mtu, au ni anasa ya matajiri tu? Na mtu mwenye kipato kidogo akiamua kufuga, je, umaskini wake unapunguza haki ya mnyama aliye chini ya mkono wake?

Huenda swali hili likaonekana dogo mbele ya maswali makubwa ya roho na ya Akhera. Lakini atakayelitazama vizuri ataona kwamba ndani yake mna jambo zima la uadilifu: haki hupimwa kwa uwezo wa mdaiwa, au kwa hali ya mdai? Ndiyo maana nimeona yafaa kulieleza, hasa kwa ndugu zetu walioingia dini karibuni na kwa wale ambao bado wanachunguza, kwani mara nyingi dini hujulikana ukweli wake katika mambo madogo kuliko makubwa.

Chanzo cha Swali

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wengi, nao si matajiri, waliochoshwa na kodi za nyumba za mijini, wanaotamani kwenda kuishi shamba. Hununua au hukodi ekari 2 au 3, wakalima mboga, wakafuga kuku wa mayai, na wengine wakaongeza farasi mmoja au wawili. Tamaa hii si ya leo. Mwaka 1822 Mwingereza William Cobbett alitoa kitabu cha kuwafundisha vibarua wa mashambani namna ya kujitegemea kwa bustani na mifugo michache. Huko Marekani sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi ekari 160 kila mmoja kwa sharti la kukaa na kulima muda wa miaka 5, ingawa ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe wa asili walioondolewa. Na mwaka 1976 John Seymour aliandika huko Uingereza kitabu kilichosomwa na watu wengi juu ya maisha ya kujitegemea shambani.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akasema: “Farasi si mnyama wetu.” Ni kweli. Mbung'o na tauni ya farasi vimemzuia mnyama huyu asienee katika sehemu nyingi za nchi zetu. Lakini mahali pa farasi kwetu pameshikwa na punda, naye kuku yumo katika karibu kila ua wa kijijini. Basi mafunzo ni yale yale, ila jina la mnyama tu ndilo linalobadilika.

Makundi Mawili Yanayokosea

Katika jambo hili yapo makundi mawili. Kundi la kwanza husema: “Mtu mwenye njaa hawezi kuulizwa habari za punda wake. Kwanza ashibe yeye, kisha ndipo tuzungumze juu ya huruma.” Kundi la pili husema: “Asiye na fedha nyingi asifuge kabisa, kwa kuwa hataweza kumtunza mnyama ipasavyo.”

Kundi la kwanza limekosea kwa kudhani kwamba huruma huzaliwa na mali. Lau ingekuwa hivyo, wenye mali wangekuwa ndio wenye huruma kuliko watu wote. Lakini tumeona nini? Katika nchi zilizotajirika kuliko nyingine, kuku kwa mamilioni walifungwa katika matundu ya waya, kila mmoja asiweze hata kukunjua mabawa yake, ili yai lipatikane kwa bei ndogo. Mwaka 1964 mama mmoja wa Kiingereza, Ruth Harrison, aliandika kitabu cha kuyafichua mambo hayo. Serikali ya Uingereza ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell, nayo katika taarifa yake ya mwaka 1965 ikasema kwamba mnyama apaswa kupewa uhuru wa kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Ebu fikiri! Mataifa yenye elimu na utajiri yalihitaji kamati ili kujua kwamba kiumbe mwenye miguu anahitaji kugeuka. Na matundu ya namna ile hayakupigwa marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya mpaka mwaka 2012. Basi si kweli kwamba mali huleta huruma.

Kundi la pili nalo limekosea, kwa kuwa likifuatwa, kufuga kutakuwa haki ya matajiri peke yao, na maskini watanyimwa yai, mbolea na mgongo wa kubebea mizigo, navyo ndivyo viwezavyo kuwatoa katika umaskini. Haiwezekani uadilifu kwa mnyama uwe dhuluma kwa mwanadamu.

Wenye Farasi Aina Tatu

Katika hadithi mashuhuri, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliwagawa wenye farasi katika mafungu matatu. Kwa wa kwanza farasi ni thawabu, naye ni yule amwekaye kwa ajili ya njia ya Mungu. Kwa wa pili farasi ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Huyu wa tatu ni yule afugaye kwa fahari, kujionyesha na uadui.

Nataka msomaji amtazame sana huyu wa pili. Ni mtu anayemfuga farasi ili ajitosheleze, asiombe watu, kisha asisahau haki ya Mungu katika shingo na mgongo wa mnyama huyo. Hakika hapa ametajwa yule yule mtu wa ekari 3 na kipato kidogo! Kutafuta kujitegemea kwake kumesifiwa, wala hakuambiwa asubiri mpaka awe tajiri. Lakini papo hapo ametiwa sharti: asisahau haki. Basi hadithi hii inayakosoa makundi yote mawili kwa pamoja.

Na la ajabu zaidi ni kwamba katika mazungumzo hayo hayo Mtume s.a.w. aliulizwa habari za punda. Akajibu kwamba hakuteremshiwa neno la peke yake juu ya punda, isipokuwa aya ile ya Sura Az-Zilzal yenye kukusanya kila kitu, isemayo kwamba wema na ubaya, hata ukiwa mdogo kama chembe, mtendaji atauona. Kwa hiyo mwenye punda asidhani amesahauliwa kwa kuwa mnyama wake ni wa bei ndogo.

Deni Huzaliwa na Kamba

Sasa tuulize: haki hii ya mnyama hutoka wapi? Kwa nini sina deni kwa swala wa porini anayekufa kwa ukame, lakini nina deni kwa mbuzi wangu?

Jibu limo katika kisa kinachojulikana na kila mtoto wa madrasa, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi hukisimulia, lakini wachache huangalia kosa lenyewe lilikuwa lipi. Kosa lake lilikuwa kuunganisha mambo mawili: alimfunga, wala hakumlisha. Lau angemwacha huru, paka angejitafutia wadudu wa ardhini. Kwa hiyo kilichozaa deni ni ule mlango uliofungwa. Aliyemwondolea kiumbe njia yake ya kujipatia riziki ameichukua riziki hiyo juu ya shingo yake mwenyewe. Na katika kisa hicho hatuambiwi kama mwanamke yule alikuwa tajiri au maskini, maana jambo hilo halikuwa na uzito katika hukumu.

Basi tumelipata jibu la swali letu la kwanza. Haki ya mnyama haitokani na mfuko wa mwenyewe, bali inatokana na kamba, ua na tundu. Tajiri na maskini wakifunga kamba ile ile, wamejifunga deni lile lile. Tena ni deni la namna ya peke yake, kwa kuwa mdai hana ulimi. Mwenye duka atakuja mlangoni kudai; mwenye nyumba atapeleka barua. Farasi mwenye njaa husimama tu. Husimuliwa na Abu Daud kwamba ngamia mmoja alitokwa na machozi alipomwona Mtume s.a.w. katika bustani ya Ansari mmoja, naye Mtume akamwambia mwenye ngamia amwogope Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwani alikuwa akimshindisha na njaa na kumchosha. Yule Ansari alikuwa mtu mwema, lakini hata mwema humsahau mdai asiyesema.

Mafakihi walilizungumza jambo hili kwa undani. Wengi wao walisema kwamba mwenye mnyama akikataa kumlisha, kadhi atamlazimisha amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Imam Abu Hanifa aliona kwamba wajibu huo ni baina ya mtu na Mola wake, wala kadhi halazimishi. Lakini hata kwa rai hii mtu hakufunguliwa deni lake. Amenyimwa tu msaada wa kukumbushwa na mahakama.

Bei ya Kununua na Bei ya Kutunza

Ikiwa deni ni lile lile, umaskini unabadili nini? Unabadili jambo moja: saa ya kufikiri. Tajiri aweza kununua leo akafikiri kesho. Maskini hana budi kufikiri leo, kabla kamba haijafungwa.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Farasi mzee au asiyefundishwa aweza kupatikana kwa bei ndogo, pengine bure kabisa. Lakini tufanye hesabu. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huhitaji kwa siku chakula kikavu cha kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 10. Katika nchi ya baridi, ambako majani hayaoti tangu Novemba hadi Aprili, siku 180 zitakula kilo 1,800 za nyasi kavu. Kwa siku hunywa lita 25 na zaidi, na wakati wa joto au kazi hata mara mbili ya hizo. Kwato zake zahitaji kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, ama sivyo atachechemea. Meno yake huendelea kuchomoza na kulika, kwa hiyo yahitaji kutazamwa kila mwaka na kupigwa tupa yakiwa na ncha. Farasi hawezi kutapika, hivyo msokoto wa tumbo waweza kumuua kwa muda mfupi asipopata mganga. Hapendi kukaa peke yake. Na haya yote si ya mwaka mmoja, kwani farasi huweza kuishi miaka 25 hata 30. Wazee wetu walisema: vyaelea, vimeundwa. Anayemwona farasi akipita kwa madaha barabarani haoni kazi na gharama zilizomfikisha pale.

Basi farasi wa bure ni ghali kama farasi wa fedha nyingi, tofauti ni siku ya kwanza tu. Ulaya ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya neema kabla ya mwaka 2008, watu wengi wa Ireland walinunua farasi kwa starehe. Uchumi ulipoanguka, bei ya farasi ikaanguka pia, na wanyama wengi wakatelekezwa kando ya barabara na katika mashamba ya watu. Huko Uingereza ilibidi mwaka 2015 itungwe sheria juu ya farasi wanaoachwa katika ardhi ya wengine. Farasi hao hawakuwa na kosa lolote, ila waliingia katika nyumba ambamo hesabu ilifanywa ya siku ya kununua, isifanywe ya siku ya baridi.

Tofauti na hao, wamo huko Pennsylvania Wakristo waitwao Amish, ambao mpaka leo hulima kwa farasi na nyumbu. Wengi wao hawaishi kwa anasa, lakini farasi wao huvuta jembe na gari, na mbolea yake hurudi shambani. Mnyama anakula, na kazi yake inalipa chakula chake. Mwenye kipato kidogo na ajiulize swali hili la wazi: farasi huyu atakuwa sitara yangu, au nitamfuga ili nionekane? Akiwa wa kuonekana tu, basi mtu ananunua fahari kwa mkopo, na riba yake italipwa na tumbo la mnyama.

Maskini na Watoto Wake

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: “Mwalimu, fedha zilizobaki zikitosha viatu vya mtoto au nyasi za farasi, mtu afanye nini?”

Nilimjibu kwamba mtoto anatangulia. Hakuna shaka katika hilo. Lakini tusikosee kuelewa. Kumtanguliza mtoto si kumfuta mnyama. Hukumu hiyo haisemi kwamba farasi akae na njaa mpaka mambo yatengemae. Yasema kwamba farasi sasa aondoke katika mkono usioweza kumlisha. Auzwe kwa mtu mwenye uwezo, aibu na maradhi yake yakitajwa bila kufichwa. Au apewe mtu kwa hisani. Au, akiwa mgonjwa asiyepona na hapana amchukuaye, maisha yake yamalizwe kwa njia isiyomtesa. Kumfungulia tu si njia, kwani farasi hawezi kurudia maisha ya porini kama paka wa kisa chetu. Aliyefunguliwa barabarani atauawa na gari, au atamuua mwenye gari.

Wapo waliofikia uamuzi wa kutofuga kabisa. Scott na Helen Nearing, waliohama New York mwaka 1932 kwenda kulima Vermont, walikataa kuwa na mifugo, wakiona kwamba ni utumwa kwa mnyama na kwa mfugaji pia. Uamuzi huo una uaminifu ndani yake, na ni bora kuliko kufuga kwa dhuluma. Lakini si njia ya pekee. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yawahesabu farasi, nyumbu na punda miongoni mwa neema alizoumba Mungu kwa ajili ya kupandwa na kuwa pambo. Neema haikataliwi kwa kuogopa hesabu yake. Hupokewa pamoja na hesabu yake.

Mwalimu Mdogo: Kuku

Basi nawashauri wenye kipato kidogo waanze na kuku, na hata hapo waanze na wachache. Kuku wa mayai hula kiasi cha gramu 120 kwa siku. Kuku 10 ni kilo 1.2, na kwa mwaka ni kilo 438. Anayesema “kuku ni kitu kidogo” hajapima. Huanza kutaga wakiwa na miezi 5 hivi, na baada ya miaka 2 mayai hupungua, hali kuku mwenyewe aweza kuishi miaka mingi zaidi.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Kuku aliyeacha kutaga afanyweje? Zipo njia mbili za halali: kumweka na kumlisha kama kawaida, au kumchinja kwa kisu kikali, bila kumkimbiza na kumtisha, wala kukinoa kisu mbele yake. Njia ya tatu, ambayo ndiyo hufuatwa na wengi, ni kumwacha adhoofike tunduni kwa kuwa hana faida tena. Njia hii ni haramu kwa tajiri na kwa maskini.

Mtu akiangalia vizuri, ataona kwamba sehemu kubwa ya huruma hainunuliwi kwa fedha. Kufungua tundu alfajiri, kubadili maji, kuziba tundu usiku ili kicheche asiingie, kumpumzisha punda kivulini, kumtazama mgongo kabla ya kumtwika, kutomzidishia mzigo: haya yote yanahitaji macho na dakika chache. Hata chanjo ya mdondo kwa kuku wetu wa kienyeji, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 au 4, ni ya bei ndogo, na majirani wakishirikiana kununua kichupa kimoja, haimlemei hata mjane. Mara nyingi tunaposema “sina fedha” huwa tunamaanisha “sikuangalia.” Yale machache yahitajiyo fedha kweli, hayo ndiyo yahesabiwe kabla ya kufunga kamba.

Nao wakuu wetu wameanza kulitambua jambo hili. Mwezi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubali kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, baada ya biashara hiyo kuwaondolea maskini, hasa akina mama wachotao maji mbali, mnyama waliyekuwa wakimtegemea. Hapa haki ya mnyama na haki ya maskini zimeonekana kuwa upande mmoja.

Mwisho wa Maneno

Natija ya maelezo haya ni hii. Umaskini waweza kumzuia mtu asianze; waweza kumpunguzia idadi; waweza kumlazimisha amtoe mnyama kwa njia njema. Lakini hauwezi kumruhusu amshike kiumbe mkononi na kumnyima. Mwenye kuku 3 walioshiba ni mfugaji bora kuliko mwenye kuku 30 wenye njaa, na mwenye punda mmoja mwenye mgongo mzima ni mtu wa heshima kuliko mwenye farasi 2 wenye mbavu za kuhesabika.

Tena, ndugu msomaji, tazama jinsi jambo hili linavyomlea mtu. Mbele ya mdai mwenye nguvu sote tu waaminifu, kwa kuwa tunaogopa. Uaminifu wetu hupimwa mbele ya mdai asiyeweza kusema, usiku, tunduni, mahali ambapo hapana amwonaye mtu ila Mungu peke yake. Anayeulizia kama imani imeingia moyoni mwake na aende huko akatazame maji katika chombo cha kuku wake.

Mwenyezi Mungu atujalie tuitunze kila amana aliyotupa, kubwa na ndogo, wala asitufanye miongoni mwa wale watakaodaiwa na viumbe visivyo na ulimi. Amin.